Aspirini na Msemo wa "Kuchoma Tumbo"

Miongoni mwa misemo iliyozoeleka katika maelezo ya dawa ni kwamba aspirini "huchoma tumbo". Historia ya dawa hiyo yaonyesha kuwa msemo huu umebeba nusu tu ya ukweli, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye hatari zaidi.

Aspirini ilitengenezwa katika kampuni ya Bayer, Ujerumani, mwaka 1897, ikapewa jina hilo mwaka 1899. Mwaka 1938 madaktari wawili wa London, Douthwaite na Lintott, walitazama ndani ya tumbo kwa chombo maalumu, wakaona jinsi dawa hiyo inavyoudhuru utando wake. Kwa ujuzi wa wakati huo, "kuchoma" lilikuwa neno la haki. Lakini mwaka 1971 John Vane wa Uingereza alionyesha kuwa aspirini huzuia mwili usitengeneze prostaglandini, ambazo pamoja na kazi nyingine huulinda utando huo. Basi dawa hudhuru pia kwa kupitia damu. Ndiyo sababu tembe zenye ganda lisiloyeyuka tumboni hazikuondoa hatari, wala kula kwanza hakuiondoi.

Sasa tumfikirie mkulima wa mpunga wa Mchombe, katika bonde la Kilombero, aliyewahi kupata kiharusi na kuandikiwa miligramu 75 kila siku. Akiambiwa dawa "itachoma", naye asisikie mchomo, atajiona salama. Kumbe kidonda chaweza kuvuja damu pasipo maumivu. Akisikia "dozi ndogo", aweza kuelewa "hatari ndogo". Tena "tumbo" kwetu ni mfuko wa chakula, ni matumbo, na hata ni tumbo la uzazi. Atakapoanza safari ya kwenda hospitali Ifakara, huenda amekwisha kupoteza damu nyingi.

Kwa hiyo twapendekeza wafasiri waandike "huweza kusababisha vidonda na kutoka damu katika mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mwembamba", na dalili zitajwe wazi: kutapika damu, au choo cheusi kama lami. Kinga nayo isifichwe katika neno "tahadhari". Iandikwe kwamba mgonjwa asichanganye aspirini na diklofenaki au ibuprofeni bila ushauri wa daktari; kwamba mzee, au aliyewahi kuugua vidonda, amweleze daktari, maana aweza kupimwa bakteria wa vidonda vya tumbo na kutibiwa, au kupewa omeprazoli; na kwamba aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo au kiharusi asiiache kwa hiari yake.

Maneno hayo ni marefu kuliko "huchoma tumbo". Hata hivyo, twawaomba walimu na watumishi wa afya wayatumie, kwani humweleza mgonjwa jambo la kuangalia na la kufanya.