Akina Mwenda wa Katanga: Jina Moja, Watu Mbalimbali

Ukitaja jina Mwenda hapa Kambove, mtu atakuuliza papo hapo: "Mwenda gani?" Mmoja atafikiri mwami wa Bunkeya. Mwingine, zaidi kama ni mzee aliyekuwa kijana wakati Likasi ilikuwa ingali Jadotville, atafikiri gitaa. Wa tatu atakumbuka siasa ya 1960, na atanyamaza kidogo kabla ya kusema. Wote watatu hawakukosea. Jina ni moja, lakini watu ni wengi, na kila mmoja aliacha kazi yake katika inchi hii.

Ndugu wanamemba, na ninyi wafadhili wetu, katika namba hii tumependa kuwapanga hawa akina Mwenda, kila mmoja mahali pake. Si kwa kujifurahisha tu. Kwetu sisi tuliorudi, jina njo linaamua kama utapata unga, kama mtoto ataandikwa masomoni, kama kiwanja cha baba yako kitarudi mikononi mwako. Basi tuanze na yule wa kwanza.

Mwenda wa kwanza ni M'siri. Jina lake refu ni Mwenda Msiri Ngelengwa Shitambi. Hakuzaliwa hapa. Alitoka Usumbwa, upande wa magharibi wa inchi inayoitwa leo Tanzania. Baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara aliyefuata shaba ya Katanga. Mtoto alifuata njia ya baba, akafika karibu na katikati ya karne ya 19, akabaki. Alikuja na bunduki, na watu wake wakaitwa Bayeke. Kwa biashara, kwa kuoa katika jamaa za machifu na kwa vita, alijenga ufalme wa Garanganze, na mji wake mkubwa ukawa Bunkeya, kaskazini kwetu. Misafara ilifika pale toka pande mbili: mmoja toka pwani ya Bahari ya Hindi, mwingine toka Benguela, Angola. Walikuja kutafuta shaba, pembe za ndovu, na watu wa kuuzwa. Hilo la mwisho tusilifiche: ukubwa wa Bunkeya ulibebwa pia na mabega ya watumwa.

Mwaka wa 1886 misionari Frederick Stanley Arnot alifika Bunkeya. Mwaka wa 1890 Alfred Sharpe alikuja na karatasi ya Waingereza, na M'siri alikataa kuitia mkono. Mwezi wa 12 mwaka wa 1891 ukafika msafara wa Kapiteni William Stairs, mzaliwa wa Kanada, uliotumwa kwa faida ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Tarehe 20 mwezi ule, Kapiteni Omer Bodson alimpiga M'siri risasi akamuua. Bodson naye alipigwa hapo hapo akafa. Watu wa Bunkeya walitawanyika. Sisi tunaojua maana ya kuacha nyumba na chungu kikiwa motoni, hatuhitaji maelezo mengi juu ya siku ile.

Kiti hakikubaki bure. Mtoto wake Mukanda-Bantu alikishika toka 1891 mpaka alipokufa, 1910, akitumikia upande wa serikali mpya. Toka pale jina Mwenda likawa sawa na kofia ya ufalme: anayetawala Bayeke anaitwa Mwenda. Njo maana ukisoma "Mwenda alisema" ao "Mwenda alihama" katika kitabu cha zamani, angalia kwanza mwaka. Bila mwaka, unaweza kumpa mtoto maneno ya baba, na mjukuu vita vya babu. Mmoja wao, Antoine Mwenda Munongo, hakuridhika na kutawala tu. Alikusanya historia ya Bayeke, na kazi yake ikachapwa katika kitabu mwaka wa 1967. Juu ya kazi kama hiyo tunaweza leo kusikia Bayeke wenyewe wakisimulia, si wazungu waliowakuta tu.

Hapo tena kuna jina lingine la kuchanganya watu: Munongo. Maana kuna Antoine, na kuna Godefroid. Godefroid Munongo, wa uzao wa M'siri, alizaliwa Bunkeya mwaka wa 1925. Mwaka wa 1958 alikuwa kati ya waanzilishi wa chama cha CONAKAT na prezida wake wa kwanza, mbele ya Moïse Tshombe. Katanga ilipojitenga, tarehe 11 mwezi wa 7 mwaka wa 1960, yeye alikuwa waziri wa mambo ya ndani. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961, Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa karibu na Élisabethville. Mwezi uliofuata, Munongo alitangaza kwamba wanakijiji njo waliowaua. Haikuwa kweli. Mwaka wa 1976 alitawazwa mwami wa Bayeke, na yeye akaongezwa katika orodha ya akina Mwenda. Alikufa Kinshasa mwezi wa 5 mwaka wa 1992, wakati wa mkutano mkubwa wa taifa.

Kuna jambo moja la kufikiri hapa, na tunalisema kwa heshima. CONAKAT ilisimama juu ya neno "mwenye inchi". Ilitenganisha mwana-Katanga wa kweli na mgeni, na mgeni aliyelengwa zaidi alikuwa mtu wa Kasai. Lakini jina kubwa la Bunkeya lenyewe lililetwa na msafiri toka Usumbwa, aliyefika na mzigo wa biashara. Ndani ya miaka mia moja tu, jina la mgeni lilikuwa limegeuka jina la mwenyeji, na waliolibeba walihesabiwa kati ya wenye kuamua nani ni mgeni. Hatusemi hivyo kwa kuwaaibisha Bayeke. Ni wenzetu na jirani zetu. Tunasema juu historia ya kila jina, ukiifuata mbali ya kutosha, inakufikisha kwa mtu aliyekuja na miguu.

Mwenda wa gitaa yeye hakutafuta kiti. Jean-Bosco Mwenda alizaliwa Bunkeya mwaka wa 1930, akaja kuishi Jadotville, yaani Likasi yetu. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimkuta pale na kushika sauti yake. Wimbo wa "Masanga" ulitoka hapo ukasafiri kuliko mwimbaji mwenyewe. Kwa kidole gumba alishika sauti za chini, kwa kidole cha pili alipiga sauti za juu, na msikilizaji aliapa kwamba ni magitaa mawili. Mwaka wa 1959 alikuwa Nairobi, na wapiga gitaa wa Kenya walijifunza mengi kwake. Mwaka wa 1969 alipiga Newport, Marekani. Mwezi wa 9 mwaka wa 1990 alikufa katika ajali ya gari inchini Zambia.

Nyimbo zake nyingi aliziimba katika Kiswahili chetu hiki cha migodi. Si ajabu. Union Minière ilianzishwa 1906, treni ilifika Kambove 1913, na wafanyakazi walitoka pande zote: Kasai, Rwanda, Rhodesia. Katika kambi moja mlango huu ulikuwa wa Mluba, ule wa Mbemba, mwingine wa Msanga. Kiswahili njo kilikuwa cha wote. Mwenda huyu hakuuliza msikilizaji wake ametoka wapi.

Jina lake la ubatizo nalo lina safari yake. Linatoka kwa Giovanni Bosco, padri wa Turin, Italia, aliyetangazwa mtakatifu 1934. Wasalesiani, watoto wake wa kiroho, walifika Katanga 1911, na toka hapo Jean-Bosco wakajaa parokiani. Mwaka wa 1972, wakati wa Mobutu, majina ya kizungu yalikatazwa. Mpiga gitaa wetu akajulikana kwa jina la Mwenda wa Bayeke, na hapo akakaribia zaidi tena jina la mwami! Leo Bosco mwingine anajulikana duniani: Bosco Ntaganda, aliyehukumiwa kule La Haye mwaka wa 2019 kifungo cha miaka 30 juu ya makosa ya vita ya Ituri. Mtakatifu, mwanamuziki, mfungwa: wote ni Bosco. Jina haliui na halibariki. Mutu njo anatenda.

Kwa nini tumeandika haya yote? Kwa sababu tumeona jina likifanya kazi ya askari. Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walifukuzwa Likasi, Kolwezi na hapa Kambove. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi wakingoja treni. Wengi walijulikana kwa majina yao tu. Lakini Ilunga yuko Kasai na Ilunga yuko Katanga. Kabongo vile vile, Mutombo vile vile, Kalala vile vile. Jina lile lile lilimtoa mmoja nyumbani na kumwacha mwingine. Baadaye, vita vya toka 1998 vilisukuma watu wa kaskazini ya Katanga mpaka kambi za Zambia. Leo wanamemba wetu ni wa pande zote hizo mbili, na wanakaa benchi moja.

Na shida ya jina haijaisha. Mwanamemba wetu mmoja, mjane mwenye watoto wanne, alifutwa kwenye orodha ya msaada juu mtu mwingine mwenye jina sawa alikuwa amekwisha kupokea. Karani alisema: "Mama, wewe umeshakula." Hakuwa amekula kitu. Huku kwetu mtu anayeitwa sawa na wewe ni majina yako, ni somo wako, unamsalimia kwa furaha. Kwenye orodha anageuka adui.

Kwa hiyo komiti imepatana hivi. Kila mwanamemba ataandikwa kwa majina yake yote, jina la baba, jina la mama, mahali na mwaka wa kuzaliwa. Majina mawili yakifanana, hakuna anayefutwa mpaka wote wawili waitwe na kusikilizwa mbele ya watu wanaowajua. Wafadhili, tunawaomba nanyi: mkiona katika ripoti yetu Ilunga wawili ao Mwenda watatu, msifikiri ni wizi. Tuulizeni. Tutawaonyesha watu watatu, na miguu sita.

Kiswahili kina mezali inayosema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani: hata ukizunguka merikebu yote, utarudi mahali pako. Masikioni mwetu mwenda ni mtu anayekwenda. Sisi wa chama hiki tulikwenda, na tumerudi. Leteni karatasi zenu siku ya mkutano, hata zilizoliwa na mvua. Asiye na karatasi aje na mtu anayemjua.