Majina ya Kumtafutia Samaki: Historia ya Maneno Fiche ya Utafutaji katika Biashara ya Mazao ya Ziwa Victoria, Mwanza

Katika masoko ya mtandaoni kila bidhaa huwa na maelezo ya aina mbili. Yapo yanayoonwa na mnunuzi, yaani jina, picha, bei na ufafanuzi mfupi. Yapo pia maneno ambayo mwuzaji huyajaza mahali ambapo mnunuzi hapaoni, lakini mtambo wa utafutaji huyasoma ili kuamua ni bidhaa ipi ioneshwe kwa aliyeandika neno fulani. Maandiko ya biashara kwa kawaida huyachukulia maneno hayo fiche kuwa ufundi mpya uliozaliwa na kompyuta. Makala haya yanachunguza biashara ya mazao ya Ziwa Victoria mkoani Mwanza na kujenga hoja tofauti. Swali la bidhaa itafutwe kwa jina la nani lilikuwapo ziwani kabla ya intaneti, na kila lilipojibiwa na mnunuzi wa mbali, mwuzaji wa Mwanza alilazimika kujifunza jina ambalo yeye mwenyewe halitumii.

Mfano ulio karibu zaidi ni dagaa wanaouzwa katika soko la Mwaloni, Kirumba. Samaki huyo, ambaye wanasayansi humwita Rastrineobola argentea, ni dagaa kwa Mtanzania, omena kwa Mkenya na mukene kwa Mganda. Ziwa ni moja na samaki ni mmoja, ila mpaka wa nchi umekuwa pia mpaka wa neno. Kwa upande mwingine, neno dagaa lenyewe hubeba samaki zaidi ya mmoja. Dagaa wa Kigoma ni Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon wa Ziwa Tanganyika, na wale wa pwani na Zanzibar ni wa baharini kabisa. Ndiyo sababu wafanyabiashara wamezoea kutaja mahali, “dagaa wa Mwanza” au “dagaa wa Kigoma”, na kwa kufanya hivyo wamekuwa wakipambanua matokeo ya utafutaji muda mrefu kabla ya mtambo wowote kuwataka wafanye hivyo.

Historia ya sangara ni ndefu kidogo. Lates niloticus aliingizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika Ghuba ya Mwanza alienea kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Samaki mgeni huhitaji jina. Kenya alipewa jina la mbuta na Uganda mputa, majina ambayo undugu wake hauhitaji kuthibitishwa. Tanzania aliitwa sangara, neno linalokaribiana mno na sangala, litumikalo kandokando ya Ziwa Tanganyika kwa samaki wa jenasi hiyohiyo ya Lates. Viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza, samaki huyo alipata majina mengine ambayo mvuvi hakuyasikia: Viktoriabarsch kwa Wajerumani, perche du Nil kwa Wafaransa. Jina moja lilimfunga na ziwa alikovuliwa, jingine na mto ulio mbali na Mwanza. Neno sangara halikufika kwenye meza ya mlaji wa Ulaya.

Tofauti hizo za majina zilikuwa na athari za kiuchumi. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliweka vikwazo mara kadhaa dhidi ya samaki wa Ziwa Victoria kwa sababu za usafi, hofu ya kipindupindu na, hatimaye, uvuvi wa kutumia sumu. Katika vipindi hivyo ilidhihirika kwamba anayemiliki jina la bidhaa sokoni ndiye pia anayeweza kuifungia njia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 104/2000 ilitaka samaki auzwaye rejareja atajwe kwa jina la kibiashara, namna alivyozalishwa na eneo alikovuliwa, na kila nchi mwanachama iandae orodha yake ya majina yanayokubalika. Kanuni Na. 1379/2013 iliongeza sharti la kumwonesha mnunuzi jina la kisayansi. Orodha hizo, ambazo mlaji wa kawaida hazisomi, zinastahili kuhesabiwa miongoni mwa maneno fiche.

Vivyo hivyo namba za forodha. Kabla ya 2012, Mfumo wa Kimataifa wa Uainishaji wa Bidhaa haukuwa na fungu la pekee kwa minofu ya sangara, ambayo ilifichwa ndani ya mafungu ya jumla ya minofu ya samaki. Toleo la 2012 lilimpa namba zake: 0304.33 kwa minofu mibichi au iliyopoozwa na 0304.63 kwa minofu iliyogandishwa. Ikumbukwe kwamba kwa wakati huo Mwanza ilikuwa imesafirisha minofu hiyo kwa takriban miongo miwili.

Jina linaweza pia kuharibiwa. Filamu ya Hubert Sauper iliyotoka mwaka 2004, Darwin’s Nightmare, iliunganisha minofu ya Mwanza na umaskini na usafirishaji wa silaha, na nchini Ufaransa ilizua miito ya kuisusia bidhaa hiyo. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani. Lililo muhimu kwa mjadala huu ni kwamba baada ya filamu hiyo, mtu aliyeandika “Mwanza” na “samaki” katika mtambo wa utafutaji aliweza kukutana na filamu kabla ya kukutana na mwuzaji.

Intaneti yenyewe ilifika kwa hatua. Katika miaka ya 1990 kurasa za tovuti zilikuwa na sehemu fiche ya maneno muhimu, na mitambo ya awali iliitegemea kwa kiasi fulani. Wenye tovuti waliijaza maneno yasiyohusiana na bidhaa zao, hadi ikapoteza thamani. Septemba 2009 Google ilitangaza kwamba haiitumii katika kupanga matokeo. Mwaka huohuo, mwezi Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Kwa hiyo wafanyabiashara wengi wa Tanzania waliingia katika mtandao wa kasi wakati maneno fiche yalipokuwa yakizikwa katika tovuti za kawaida, huku yakiendelea kuishi katika masoko ya mtandaoni, ambako mwenye soko huweza kumwadhibu anayeyatumia vibaya. Amazon, kwa mfano, huruhusu chini ya baiti 250 kwa maneno hayo na hukataza kutaja chapa za wengine.

Kipimo hicho cha baiti kinafaa kutumiwa kama jaribio. Maneno dagaa, omena, mukene na Rastrineobola argentea, pamoja na nafasi zinazoyatenganisha, huchukua baiti 41 tu, yaani chini ya theluthi moja ya nafasi iliyopo. Kwa hakika hata sehemu ya tano haijai. Mwuzaji wa Kirumba angeweza basi kuwafikia wanunuzi wa nchi tatu bila kuubadilisha hata kidogo uso wa tangazo lake. Ugumu uko kwingine, nao ni wa sarufi. Ushauri wa kawaida kwa wauzaji ni kutorudia umoja na wingi wa neno, kwa kuwa mtambo huyaunganisha. Ushauri huo ulitungwa kwa lugha zinazobadilisha mwisho wa neno. Kiswahili hubadilisha mwanzo: kichanja huwa vichanja, bondo huwa mabondo. Mtambo usiojua ngeli huyaona kuwa maneno mageni kwa kila mmoja, na mwuzaji analazimika kuyaandika yote mawili.

Ugumu wa pili unahusu ukanushi. Dagaa wanaoanikwa chini hubeba mchanga na mara nyingi huishia katika chakula cha kuku. Wanaokaushwa juu ya vichanja huliwa na watu na huuzwa kwa bei nzuri zaidi. Kwa sababu hiyo tangazo la dagaa bora husema “wasio na mchanga”. Mtambo unaotupa maneno madogo hubaki na “dagaa” na “mchanga”, na kuitangaza bidhaa kwa kasoro ambayo haina. Kwa wachuuzi wa dagaa, ambao wengi wao ni wanawake, hilo ni suala la kumpata mnunuzi wa chakula cha binadamu au mnunuzi wa chakula cha mifugo. Neno “vichanja” lingewafaa zaidi katika nafasi fiche kuliko sifa yoyote ya usafi.

Ipo pia mipaka ya uaminifu. Mnunuzi wa Goma au Bukavu huenda akaandika sambaza, jina la samaki mdogo wa Ziwa Kivu. Kuliweka neno hilo katika tangazo la dagaa wa Mwanza kungeleta wasomaji, lakini sambaza ni Limnothrissa miodon, samaki mwingine. Tofauti kati ya omena na sambaza ndiyo tofauti kati ya kisawe na udanganyifu, na mtambo hauwezi kuiona. Kosa hili si geni: nchini Uhispania minofu ya sangara imewahi kubainika ikiuzwa kwa jina la mero, samaki wa baharini wa bei ya juu. Kwa upande wa pili, tilapia waliogandishwa kutoka China wakiwekewa maneno “sato wa Mwanza” mahali pasipoonekana, anayeibiwa jina ni mvuvi wa Mwanza.

Uhai wa maneno hayo hutegemea pia uhai wa soko lenyewe. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, na matangazo ya wauzaji hayakuweza kuhama nayo. Mwaka huohuo Jiji ilinunua biashara ya OLX katika nchi kadhaa, Tanzania ikiwamo. Sehemu kubwa ya uchuuzi ilikuwa tayari katika WhatsApp, Facebook na Instagram, ambako maneno ya utafutaji huandikwa hadharani yakitanguliwa na alama ya reli, na washindani huyanakili.

Mabondo yanaonesha hali hii kwa ukali zaidi. Kibofu hicho cha hewa cha sangara hukaushwa na kusafirishwa hadi masoko ya China na Hong Kong, ambako hupikwa supu, na kwa kilo huuzwa kwa bei kubwa kuliko minofu. Mnunuzi wake hatafuti neno la Kiswahili. Uso wa tangazo hubeba Kiingereza au Kichina, na kila herufi ya kawaida ya Kichina huchukua baiti tatu katika mfumo wa UTF-8 unaotumika sana. Neno “mabondo” likipata nafasi, huipata upande wa fiche. Katika forodha, kwa kiwango cha tarakimu sita, mabondo yamewekwa tangu 2012 katika fungu 0305.72 pamoja na vichwa na mikia ya samaki. Anayetafuta thamani yake katika takwimu za kimataifa za kiwango hicho huipata ikiwa imechanganywa na mabaki hayo.