Kiwingu cha Al-Sufi na Upana wa Ulimwengu

Kiswahili chetu kimehifadhi anga ya Waarabu kuliko wengi wetu tunavyotambua. Tunasema falaki, tunasema Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Mabaharia wa pwani waliiita nyota ya kaskazini Jaa, na upande wa kusini wakauita Suheli, kwa jina la nyota ile ile aliyoitegemea Ahmad bin Majid wa Julfar katika maandishi yake ya ubaharia wa karne ya 15. Maneno haya ni masalio ya elimu pana, na mojawapo ya maswali yake makubwa lilikuwa hili: ulimwengu una ukubwa gani?

Jibu mashuhuri lilitoka katika elimu ya Baghdad. Zama za Khalifa al-Ma'mun (813–833), wapimaji walitumwa jangwani kupima urefu wa digrii moja ya mzingo wa dunia, wakapata maili za Kiarabu 56 na theluthi mbili. Al-Farghani alichukua nusukipenyo cha dunia kuwa maili 3,250, kisha, kwa kufuata msingi wa Batlimusi, akayapanga matabaka ya sayari moja juu ya jingine bila nafasi tupu kati yake. Alipofika kwenye nyota zisizohama alikuwa amehesabu nusukipenyo 20,110 za dunia, yaani maili 65,357,500. Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na Ulaya ikakisoma kwa karne kadhaa.

Kwa vipimo vya leo, umbali huo ni kiasi cha kilomita milioni 130. Jua peke yake liko kilomita milioni 150 kutoka kwetu. Basi ulimwengu mzima wa al-Farghani, pamoja na nyota zake zote, usingelifikia jua. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Msingi aliourithi ndio uliokuwa mbovu.

Abd al-Rahman al-Sufi (903–986), aliyezaliwa Rayy na kufanya kazi Isfahan na Shiraz, alifuata njia nyingine. Katika kitabu chake cha nyota zisizohama, cha mwaka 964, aliipitia orodha ya Batlimusi nyota moja moja, akapima kwa jicho mwangaza wa kila nyota na kusahihisha palipohitaji. Katika kundi la Andromeda, ambalo Waarabu waliliita Mwanamke Aliyefungwa Minyororo, alitaja pia doa dogo mfano wa kiwingu. Hakudai kujua ni kitu gani. Alilitaja na mahali pake, akaendelea na kazi.

Kiwingu hicho kilisubiri karibu miaka elfu. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1923, Edwin Hubble alikipiga picha kwa darubini ya inchi 100 iliyoko Mount Wilson, California, na ndani yake akabaini nyota ambayo mwanga wake huongezeka na kupungua kwa muda maalumu. Henrietta Leavitt alikuwa amekwisha onyesha, mwaka 1912, kwamba muda huo hufichua mwangaza halisi wa nyota ya namna hiyo, na kwa hiyo umbali wake. Hubble alipata takriban miaka ya nuru 900,000. Leo tunajua ni milioni 2.5, na kila mwaka wa nuru ni kilomita trilioni 9.5 hivi. Kumbe kiwingu kilikuwa galaksi kamili, nje kabisa ya galaksi yetu.

Hapo mpaka wa zamani ukavunjika. Ulimwengu unaoonekana sasa unakadiriwa kuwa na kipenyo cha miaka ya nuru bilioni 93, ingawa umri wake ni miaka bilioni 13.8, kwa sababu anga lenyewe limekuwa likitanuka wakati nuru ikisafiri. Yaliyo nje ya upeo huo nuru yake haijatufikia. Na hata ndani yake, vipimo vya chombo cha Planck vilivyotolewa mwaka 2018 vinaonyesha kwamba maada ya kawaida, yaani nyota, gesi na miili yetu, ni asilimia 5 tu. Maada ya giza ni kama asilimia 27, na nishati ya giza asilimia 68. Hayo mawili tumeyapa majina, lakini asili yake bado haijulikani.

Katika mabaraza yetu ya ughaibuni tunasikia kauli mbili: kwamba wazee wetu wa elimu walikwisha jua kila kitu, na kwamba walibeba tu mizigo ya Wayunani. Al-Farghani anaikanusha ya kwanza, al-Sufi anaikanusha ya pili. Urithi wao ni kupima, kusahihisha, na kuandika kwa uaminifu hata kile ambacho hakijaelezeka.

Kwa hiyo, ikiwa nyumbani mwetu, Maskati au London, limebaki daftari la babu nahodha lenye majina ya nyota na bandari, lisitupwe kwa kuwa hatulielewi. Na mzee anayekumbuka bado Jaa na Suheli aulizwe sasa, na maneno yake yaandikwe.