Majeshi Sita na Sahihi ya Lusaka: Safari ya Kuyatoa Majeshi ya Kigeni Congo, 1999–2003

Mwanafunzi wa Kiswahili hujifunza mapema kwamba kitenzi kimoja huzaa vingine vingi. Jeshi linaweza kuondoka, linaweza kuondolewa, na linaweza pia kuondoshwa. Tofauti ya silabi moja au mbili hubeba swali zito la siasa: ni nani mwenye uamuzi? Anayeondoka huamua mwenyewe siku ya kufunga mizigo yake. Anayeondoshwa hana hiari. Historia ya vita vya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, kuanzia Agosti 1998 hadi katikati ya mwaka 2003, ni historia ya majeshi ambayo kila mtu alikubali kwamba yangeondoka, ilhali hakuna aliyekuwa na nguvu za kuyaondosha.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 17 Mei 1997 wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila waliingia Kinshasa na kumaliza utawala wa Mobutu. Nyuma yao walikuwapo Rwanda na Uganda, na kwa muda mkuu wa majeshi wa Congo yenyewe alikuwa James Kabarebe, afisa wa Rwanda. Uhusiano wa namna hiyo haukuweza kudumu. Mwishoni mwa Julai 1998 Kabila aliwataka askari wa kigeni watoke nchini mwake. Siku chache baadaye, tarehe 2 Agosti, maasi yalizuka Goma na Bukavu. Rwanda na Uganda zikawa upande wa waasi. Zimbabwe, Angola na Namibia zikaja kumwokoa Kabila zikitumia jina la Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, SADC. Chad nayo ilituma askari. Nchi yenye ukubwa unaozidi mara mbili ule wa Tanzania ikawa uwanja ambapo wageni walipigana, kila mmoja akiwa na sababu yake.

Ugumu wa kwanza wa usuluhishi ulikuwa huu: wapiganaji hawakukubaliana hata juu ya nani alikuwa akipigana. Rwanda ilikana kuwa na askari Congo hadi Novemba 1998. Kabila, kwa upande wake, alisisitiza kwamba nchi yake ilikuwa imevamiwa na majirani, na kwamba waasi walikuwa vibaraka wasiostahili kiti mezani. Uganda na Rwanda zilisema kinyume chake, yaani kwamba hiyo ilikuwa vita ya Wakongo wenyewe kwa wenyewe, na wao walikuwa wakilinda mipaka yao tu dhidi ya makundi yenye silaha. Msuluhishi anayekabiliwa na hali hiyo hana pa kuanzia. Akiwaita marais peke yao, waasi wanaendelea kupigana. Akiwaita waasi, rais anaondoka.

Kazi hiyo ilimwangukia Rais Frederick Chiluba wa Zambia, aliyeteuliwa na SADC. Zambia haikuwa na askari vitani, lakini ilikuwa na mpaka mrefu na Congo na wakimbizi waliozidi kuongezeka. Mikutano ilifuatana kwa takriban mwaka mzima. Katikati ya juhudi hizo Muammar Gaddafi wa Libya naye alijitokeza na mkataba wake, uliotiwa sahihi Sirte mwezi Aprili 1999 na Kabila na Museveni. Rwanda haikuwamo, nao mkataba ukafifia. Hata hivyo, wasuluhishi wawili wanapofanya kazi moja, wapiganaji hupata mahali pa kujificha: likiwa gumu kwa huyu, wanakimbilia kwa yule.

Tarehe 10 Julai 1999 mkataba wa kusitisha mapigano ulitiwa sahihi Lusaka na nchi sita: Congo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Mashahidi walikuwa Umoja wa Mataifa, Umoja wa Nchi Huru za Afrika na SADC. Ukiusoma leo utaona kwamba waandishi wake hawakuwa watu wajinga. Mapigano yalipaswa kukoma ndani ya saa 24. Majeshi yote ya kigeni yalipaswa kuwa yametoka baada ya siku 180. Wakongo wangefanya mazungumzo ya kitaifa ambamo serikali, waasi, vyama vya siasa na asasi za kiraia wangekuwa sawa mezani. Umoja wa Mataifa ungeleta jeshi la kuwasaka na kuwapokonya silaha wapiganaji wasio na sahihi katika mkataba, hasa mabaki ya jeshi la zamani la Rwanda na Interahamwe waliohusika na mauaji ya kimbari ya mwaka 1994.

Tatizo lilikuwa katika namna mambo hayo yalivyofungamana. Rwanda ilisema haiwezi kutoka kabla Interahamwe hawajapokonywa silaha. Umoja wa Mataifa haukuwa tayari kupeleka askari wa kupigana msituni. Zimbabwe na Angola zilisema hazitatoka kabla ya Rwanda na Uganda. Kabila alisema hatazungumza na mtu huku nchi yake ikikaliwa. Kila sharti lilisimama juu ya bega la jingine, na la chini kabisa halikuwa na mguu.

Kisha ikaundwa Tume ya Pamoja ya Kijeshi ya kusimamia utekelezaji. Mwenyekiti wake aliteuliwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika, lakini wajumbe walitoka katika majeshi yale yale yaliyokuwa yakipigana. Wahenga walikwisha kutuonya juu ya kesi ya ngedere kupelekewa nyani. Tume hiyo ilikuwa na uhaba wa fedha na usafiri, na mara nyingi kila mjumbe aliripoti makosa ya mwenzake tu.

Hata waasi hawakusaini siku ile. Jean-Pierre Bemba, kiongozi wa kundi la MLC lililoungwa mkono na Uganda, alisaini tarehe 1 Agosti. Kundi la RCD lilikuwa limegawanyika: upande mmoja ulikuwa Goma ukiegemea Rwanda, upande mwingine ulikuwa Kisangani ukiegemea Uganda na kuongozwa na Ernest Wamba dia Wamba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni nani kati yao mwenye haki ya kushika kalamu? Ugomvi huo uliwaingiza hata walezi wao: mwezi Agosti 1999 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana yenyewe kwa yenyewe mjini Kisangani. Ufumbuzi uliopatikana ulikuwa wa kuchekesha kama usingekuwa wa kusikitisha. Tarehe 31 Agosti waasisi wa RCD wapatao 50 walisaini wote, mmoja baada ya mwingine, ili asiwepo wa kudai kwamba mwenzake alimsemea.

Kisangani inastahili tusimame hapo kidogo. Ni mji ulio kwenye mto Congo, mji wa wafanyabiashara wa almasi, ambako Kiswahili na Kilingala husikika katika soko moja. Uko mamia ya kilomita kutoka mpaka wa Uganda, na mbali vilevile na mpaka wa Rwanda. Mtu anayesema yuko huko kulinda mpaka wake ana kazi kubwa ya kueleza. Mwezi Mei 2000 majeshi hayo mawili yalipigana tena humo, na kati ya tarehe 5 na 10 Juni yakapigana kwa siku sita mfululizo. Maelfu ya mizinga yalirushwa juu ya makazi ya watu. Mamia ya raia waliuawa. Wakati huo wote mkataba wa Lusaka ulikuwa ungali hai kisheria, na nchi zote mbili zilikuwa zimeutia sahihi. Tarehe 16 Juni Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1304, likizitaka Rwanda na Uganda kwa majina yao ziondoe majeshi yao. Kisangani, kwa kauli yangu, ndipo uongo wa vita hii ulipovuliwa nguo, kwa sababu hapakuwa na Interahamwe wa kusingiziwa baina ya majeshi hayo mawili.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umeidhinisha askari 5,537 mwezi Februari mwaka huo, wakiwamo waangalizi 500. Kwa nchi kubwa kiasi hicho hawakutosha hata kuangalia, sembuse kuzuia. Kabila naye alizuia safari zao, na mwezi Juni akaifunga ofisi ya Ketumile Masire, rais mstaafu wa Botswana aliyechaguliwa kuongoza mazungumzo ya Wakongo. Mambo yakakwama kabisa.

Tarehe 16 Januari 2001 Laurent Kabila alipigwa risasi na mlinzi wake. Mwanawe Joseph, aliyekulia Tanzania na kuzungumza Kiswahili kwa ufasaha kuliko Kilingala, alishika madaraka kabla mwezi haujaisha. Alikuwa kijana asiye na mengi ya kupoteza kwa kubadili msimamo wa baba yake. Masire akaruhusiwa kurudi kazini. Mwezi Machi majeshi yalianza kurudi nyuma kilomita 15 kila upande, kama mpango uliokubaliwa Kampala ulivyoagiza, na kuacha ukanda wa kilomita 30 kati yao. Kwa mara ya kwanza kusitisha mapigano kulianza kuonekana katika ramani.

Lakini kurudi nyuma si kutoka. Kutoka kulihitaji mkataba wa aina nyingine, nao ulipatikana Pretoria tarehe 30 Julai 2002, chini ya Rais Thabo Mbeki wa Afrika Kusini. Waliosaini walikuwa wawili tu, Joseph Kabila na Paul Kagame. Mkataba ulikuwa mfupi. Rwanda ingeondoa askari wake; Congo ingewasaka na kuwapokonya silaha wapiganaji wa Kihutu wa Rwanda waliokuwa katika ardhi yake. Muda uliowekwa ulikuwa siku 90. Na zaidi ya yote, hesabu haikuachwa mikononi mwa wenye hesabu: Afrika Kusini na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ndio waliopewa kazi ya kuthibitisha. Askari wa Rwanda walianza kutoka Septemba, na ilipofika mwanzoni mwa Oktoba zaidi ya 20,000 walikuwa wamevuka mpaka wakielekea kwao.

Wengine husema kwamba Pretoria ilifanikiwa kwa sababu viongozi walikuwa na nia njema zaidi. Sioni ushahidi wa hilo. Fundo la Lusaka lilikuwa na nyuzi nyingi. Mbeki alichomoa uzi mmoja. Aidha, kufikia mwaka 2002 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuchapisha ripoti zilizoeleza jinsi koltani, dhahabu na almasi za Congo zilivyokuwa zikisafirishwa kupitia nchi jirani, na wafadhili walikuwa wameanza kuuliza maswali. Gharama ya kubaki ilikuwa imepanda.

Na kutoka kwenyewe kulikuwa na hatari yake. Mwezi huohuo wa Oktoba, Rwanda ilipokuwa imeondoka, wapiganaji wa Mai-Mai waliuteka mji wa Uvira kando ya Ziwa Tanganyika, na RCD ikaurudisha siku chache baadaye. Wenyeji wakakimbia mara mbili. Ituri hali ilikuwa mbaya zaidi. Uganda ilikuwa imekubaliana na Congo huko Luanda tarehe 6 Septemba 2002, na askari wake wa mwisho waliondoka Bunia mwezi Mei 2003. Hapakuwa na wa kushika nafasi yao isipokuwa wanamgambo wa Kihema na Kilendu, ambao Uganda yenyewe ilikuwa imewapa silaha baadhi yao. Mauaji yalifuata mara moja, hadi Umoja wa Ulaya ukapeleka kikosi cha dharura kilichoongozwa na Ufaransa mwezi Juni. Jeshi lililokalia nchi ya watu linadaiwa hata siku ya kuondoka, na deni hilo halikuandikwa vizuri katika mkataba wowote.

Deni jingine lilipelekwa mahakamani. Congo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague. Mojawapo ya hoja za Uganda ilikuwa hii: mkataba wa Lusaka, kwa kuweka ratiba ya kutoka, ulikuwa umeiruhusu kukaa hadi ratiba itimie. Msomaji aitafakari hoja hiyo, kwa maana inagusa kila mkataba wa aina hii. Ikiwa nakuambia uondoke nyumbani mwangu kabla ya Ijumaa, je, nimekukaribisha hadi Alhamisi? Katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama ilijibu kwamba sivyo. Lusaka ilipanga utaratibu wa kutoka, haikuhalalisha kuwamo. Mahakama iliongeza kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuwezi kuitwa kujilinda. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa kiini chake, kwa kuwa mwezi Februari 2006 Mahakama iliona haina mamlaka juu yake.

Fidia ilichukua miaka mingine 16. Tarehe 9 Februari 2022 Uganda iliamriwa kulipa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara yaliyowapata watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Ilipewa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka, na fungu la kwanza lililipwa mwezi Septemba. Miezi miwili baadaye askari wa Kenya walitua Goma katika kikosi kipya cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Congo ilikuwa imejiunga nayo mwaka uleule. Na mezani, Nairobi na Luanda, ikarudi orodha ileile ya kusitisha mapigano, kuondoa majeshi na kuwapokonya silaha wapiganaji wa Kihutu.