Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wakazi wa kisiwa cha Nkombo, wilayani Rusizi nchini Rwanda, huishi kwa kilimo na kwa uvuvi wa Ziwa Kivu. Samaki wao mashuhuri ni sambaza, naye, ajabu, si mwenyeji. Alitolewa Ziwa Tanganyika na kutiwa Kivu kati ya 1958 na 1960, kwa kuwa vijidudu vya majini vilivyojaa katikati ya ziwa havikuwa na samaki wa kuvila. Akastawi.

Historia hii yawafaa walioazimia kula vyakula vya asili tu, visivyopita kiwandani. Wasichague mafuta kwa ukale wake. Mawese mekundu, yanayojulikana tangu kale katika misitu ya Kongo, yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Lakini karibu nusu yake ni mafuta yenye kuganda, yasiyoufaa moyo yakizidi. Sambaza, mgeni wa juzi, huliwa mzima pamoja na mifupa, na mafuta yake yana omega-3, yenye kuufaa moyo.

Basi twashauri: mawese kwa kiasi, sambaza mara kwa mara, bila kumzamisha katika mafuta ya kukaangia. Kwani wahenga walikwisha sema: mgeni njoo, mwenyeji apone.