Safi: Kivumishi na Mizani Zake katika Ukanda wa Dhahabu

SAFI, kivumishi chenye asili ya Kiarabu, ni miongoni mwa yale maneno yasiyokubali viambishi vya ngeli, kwani husemwa maji safi, kitanda safi na watu safi bila ya neno lenyewe kugeuka, kama ilivyo kwa ghali, rahisi na laini. Maana yake ya asili ni kuepukana na taka au mchanganyiko, na kutokana na hiyo zimezaliwa nyingine nyingi, ambazo katika mikoa ya Shinyanga na Geita hudhihirika kuliko kwingi, kwa sababu huko usafi hutiwa mizanini na kulipwa.

Kwa mnunuzi wa dhahabu, safi si sifa bali ni kiasi. Mchimbaji mdogo aliyekwisha kusaga mawe yake kwenye karasha, akayaosha mwaloni, akazinasa chembe kwa zebaki na kuichoma hata ikatoka, humletea kidonge cha manjano ambacho hakika yake haijulikani kwa macho, maana dhahabu ya ardhini aghalabu huambatana na fedha na shaba. Kidonge hupimwa kwanza kikiwa kikavu, kisha huning'inizwa kwa uzi ndani ya kikombe cha maji kisiguse chini, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayotoa hukumu: sentimita moja ya ujazo ya dhahabu halisi ina gramu 19.3, hali ya kuwa ya fedha ina gramu 10.5 tu. Iliyo safi kamili huitwa ya karati 24. Ya karati 18 ina sehemu 750 katika 1,000. Kipimo hiki chaweza kuhadaiwa, kwani tangisteni, isiyo na thamani ya dhahabu hata kidogo, inakaribia kulingana nayo kwa uzito, na mjanja akiificha ndani ya kidonge, maji hayatamfichua. Wenye uwezo huongeza pia mashine ya mionzi.

Katika maji, neno limeungana na jina hata likawa moja: mamlaka zinazohudumia Shinyanga na Kahama huandikwa za Majisafi na Usafi wa Mazingira, kinyume chake kikiwa majitaka. Maji hayo hutolewa Ziwa Viktoria, yakatibiwa Ihelele, wilayani Misungwi, kisha yakasukumwa mwendo mrefu hadi nchi kavu ya Wasukuma. Hapa pana mgongano usiofichika, kwa kuwa zebaki ileile iliyosaidia kuipata dhahabu, ikimwagwa kandokando ya mto, huyaondolea maji usafi wake, nayo machoni yangali meupe.

Wanazuoni wa pwani, kwa upande wao, hawakuridhika na neno hili, wakashika tahiri na tohara, yaani usafi wa kiibada. Na katika madhehebu ya Shafi marashi ya waridi ni tahiri, ila hayamtoharishi anayetaka kutawadha. Hiyo ni mizani nyingine kabisa.

Serikalini hutajwa hati safi, ambayo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huipa halmashauri iliyoandaa hesabu zake kwa mujibu wa kanuni. Madiwani huishangilia mno, na pengine kupita kiasi, kwani hati hiyo hushuhudia kuwa hesabu zimeelezwa kwa haki, wala haithibitishi kuwa kila shilingi ilitumika kwa busara. Mtaani safi haipimi chochote: mchimbaji aliyeshinda duarani, yaani shimoni, pasipo kuambulia hata pointi ya dhahabu, akiulizwa mambo, hujibu safi, na muulizaji hadai ushahidi.

Kitenzi chake, kusafisha, kimefika hata kwa waganga, ambao huahidi kumsafisha mtu nyota ili mwamba umfungukie. Biashara hiyo hunawiri penye machimbo, kwa kuwa pale riziki hutegemea kisichoonekana. Hata hivyo kuna jambo moja ambalo kitenzi hiki hakikukabidhiwa. Kwa kosa linalokatazwa na sheria ya mwaka 2006, la kuzipa fedha haramu sura ya halali, hutumika kutakatisha, neno la Kibantu, na kwa hiyo mshtakiwa husomewa kosa la utakatishaji, ingawa jirani zake barazani husema tu kwamba alikuwa akizisafisha hela.