Habari za Roketi za Luvua na Safari ya Mwezini

Si ajabu kumsikia mtu mzima wa Katanga akisema kwamba zamani Wazungu walirusha roketi kutoka inchi yetu ili kwenda mwezini. Kijana aliyesoma anacheka. Yeye anajua kwamba chombo cha Apollo 11 kilitoka Florida, kule Marekani, tarehe 16 mwezi wa saba 1969. Anamsahihisha mzee, na mazungumzo yanakwisha hapo. Sisi tunaona kwamba kijana huyo ameshinda upesi mno. Roketi zilirushwa kweli katika inchi ya Katanga. Hazikwenda mwezini, lakini mkubwa aliyesimamia kituo kile cha Florida ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya kampuni iliyozirusha kwetu. Basi ndani ya kosa la mzee mna jambo la kweli ambalo kijana hakulipata shuleni. Tunataka kuyatenganisha mambo hayo mawili, kisha kutafuta sababu ya kushikamana kwake katika kumbukumbu za watu.

Tuanze na mwezi wenyewe. Siku ya Mungu, tarehe 20 mwezi wa saba 1969, Neil Armstrong na Edwin Aldrin walitua mwezini. Mwenzao Michael Collins alibaki juu akiuzunguka. Kwa saa za Lubumbashi ilikuwa saa 4 na dakika 17 usiku. Ni majira ya kiangazi, wakati mbingu za Katanga ni safi. Mwezi ulikuwa mchanga, wa siku sita tu, nao ulikuwa ukiinama upande wa magharibi. Lakini Armstrong alipoukanyaga kwa mguu wake, kwetu ilikuwa karibu saa 11 ya alfajiri, tarehe 21, na mwezi ulikuwa umekwisha kutua tangu usiku. Kwa hiyo hakuna mtu wa Lubumbashi aliyeweza kuinua macho na kuuona mwezi katika saa zile ambamo watu walikuwa wakitembea juu yake.

Tena watu walio wengi kwetu hawakuona picha. Televizio ya taifa ilianza Kinshasa mwaka wa 1966, na katika miaka ile ya kwanza habari za dunia zilitufikia Katanga hasa kwa redio, kwa gazeti, na kwa kinywa cha jirani. Jambo lililosikiwa tu lina nguvu yake katika kumbukumbu, maana msikiaji mwenyewe analipa sura. Wengine hawakusadiki kabisa. Tusiwahukumu, hata Marekani kwenyewe wako mpaka leo watu wasiosadiki, na hao waliona picha.

Kwa Wakristo wa Afrika mwezi ule wa saba ulikuwa na jambo lingine kubwa. Usiku wa kutua, Baba Mtakatifu Paulo VI alikuwa Castel Gandolfo, katika nyumba ya wataalamu wa nyota wa Vatikano, naye alitazama mwezi kwa darubini yao. Ujumbe wake, pamoja na Zaburi ya 8, uliachwa mwezini katika kisahani kidogo chenye salamu za wakubwa wa inchi mbalimbali. Siku kumi na moja tu baadaye, tarehe 31, alifika Uganda, Papa wa kwanza kukanyaga Afrika katika nyakati zetu. Kisha katika mwezi wa kumi wa mwaka uleule, Armstrong na wenzake wawili walifika Kinshasa katika safari yao ya kuzunguka dunia, wakapokewa na Prezidenti Mobutu. Hivi Mkongo aliweza kusema bila uongo: watu wa mwezi walikuja kwetu.

Hapo yafaa kukumbuka namna watu wetu wanavyohesabu miaka. Wachache wanasema «mwaka wa 1957». Walio wengi wanasema «wakati wa uchaguzi wa kwanza wa mji». Ndio mwaka ambamo Warusi walirusha Sputnik, tarehe 4 mwezi wa kumi. Na katika mwezi wa kumi na mbili watu wa Elisabethville walipiga kura ya kuchagua wakubwa wa komini zao. Yuri Gagarin alipoizunguka dunia tarehe 12 mwezi wa ine 1961, Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, na watu walikuwa na hofu nyingine kabisa. Armstrong alipotua, Union Minière ilikuwa imekwisha kutwaliwa na serkali tangu mwanzo wa 1967, na Elisabethville ilikuwa imekwisha kuitwa Lubumbashi. Habari za mbinguni zinatundikwa juu ya msumari wa habari za nyumbani. Mwanahistoria asiyejua msumari hawezi kuelewa kitu kilichotundikwa.

Sasa tuje kwenye roketi za Luvua. Katikati ya miaka ya 1970 Mjerumani mmoja, injinia Lutz Kayser, alianzisha kampuni iliyoitwa OTRAG. Wazo lake lilikuwa jepesi kusema. Roketi ya Apollo, Saturn V, ilikuwa na urefu wa metri 110 na bei ya kutisha. Kayser alitaka kufunga pamoja mabomba mengi yaliyo sawasawa, kama vile mtu anavyofunga mzigo wa kuni: ukitaka kuinua kitu kizito, unaongeza mabomba; ukitaka kuinua chepesi, unayapunguza. Kila bomba lilikuwa na upana wa sentimetri 27, na injini yake chini. Ndani mlitiwa mafuta ya taa na asidi ya nitriki. Kifungulio cha mafuta kilizungushwa na mota ndogo ya namna ile inayopangusa kioo cha motokari wakati wa mvua! Wakubwa wengi wa kazi hiyo walimcheka. Lakini Kurt Debus hakucheka. Debus alikuwa amefanya kazi ya roketi za V-2 za Ujerumani wakati wa vita, kisha alihamia Marekani, akawa mkubwa wa kituo cha Kennedy cha Florida tangu 1962 mpaka 1974. Apollo 11 iliondoka mikononi mwake. Baada ya kustaafu alikubali kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya OTRAG.

Kwa nini Katanga, ambayo wakati ule iliitwa Shaba? Karibu na ikweta dunia inazunguka kwa mwendo mkubwa zaidi, na mwendo huo unaisaidia roketi. Tena kampuni ilitaka pahali penye watu wachache, ili kitu kikianguka kisiue. Walichagua uwanda wa juu unaoelekea bonde la mto Luvua, mto unaotoka ziwa Mweru pale Pweto na kwenda kuingia katika Lualaba. Mahali penyewe paliitwa Kapani Tonneo. Walilima njia ya ndege, wakajenga nyumba na jukwaa la kurushia.

Mkataba wao na serkali ya Zaire ndio uliozaa maneno. Kampuni ilipewa haki ya kutumia inchi ya kilometri za mraba 100,000 mpaka mwaka wa 2000. Ubelgiji wote haufiki kilometri za mraba 31,000. Basi ni zaidi ya mara tatu ya Ubelgiji. Mwaka wa 1977 magazeti ya ng'ambo yalitangaza maneno ya mkataba, na watu walisoma humo kwamba serkali ilikubali kuwaondoa wakaaji kama kampuni ikitaka. Ni kweli kwamba sehemu iliyotumiwa kwa kazi ilikuwa ndogo sana kuliko ile iliyoandikwa. Hata hivyo, kwa wenyeji wa Manono, Moba na Pweto inchi yao ilitiwa katika karatasi bila wao kuulizwa.

Roketi ya kwanza ilipanda tarehe 17 mwezi wa tano 1977. Ya pili, tarehe 20 mwezi wa tano 1978. Ya tatu, tarehe 5 mwezi wa sita 1978, mbele ya Prezidenti Mobutu mwenyewe aliyekuja na wageni wake. Ilipanda kidogo, ikainama, ikaanguka bondeni. Zote zilikuwa za mabomba manne tu, za kujaribia, na hakuna iliyofika kilometri 100, mpaka ambao wataalamu wanauhesabu kuwa mwanzo wa anga za juu.

Tunaomba msomaji azitazame tena tarehe hizo. Katika mwezi wa tatu 1977 askari waliotoka Angola waliingia Shaba, na vita ile watu wa Katanga wanaiita mpaka leo «vita ya siku makumi nane». Roketi ya kwanza ilipanda kabla siku hizo makumi nane hazijatimia. Mwaka wa pili waliingia Kolwezi, na tarehe 19 mwezi wa tano 1978 askari wa Ufaransa waliruka kwa miavuli juu ya mji ule. Roketi ya pili ilipanda kesho yake. Kolwezi ni mbali sana na Luvua. Hata hivyo mtu wa kijijini aliyesikia kwa redio habari za vita, akasikia pia habari za Wajerumani wenye roketi katika mkoa wake, angewezaje kuyaweka katika masanduku mawili? Hata wakubwa wa mataifa hawakuweza. Urusi na wengine walisema kwamba kazi ya Luvua ni silaha inayotengenezwa kwa siri. Inchi jirani zilikuwa na wasiwasi. Hakuna ushahidi uliopatikana kwamba OTRAG ilitengeneza silaha huko, lakini mtu aliyejua kwamba Debus alitoka katika kazi ya V-2 hakuhitaji kuambiwa mara mbili ili aogope. Mwaka wa 1979 Mobutu aliwaambia wasimamishe kazi. Kampuni ilihamia Libya, na huko pia haikudumu.

Hapa tuna neno letu. Vitabu vya safari za anga vinataja Luvua kwa mistari michache, na vita haimo. Vitabu vya vita za Shaba vinaeleza Kolwezi siku kwa siku, na roketi haimo. Mzee anayesema kwa pumzi moja «wakati wa vita, wakati wa roketi, wakati wa mwezi» ndiye peke yake aliyeshika pamoja vitu ambavyo waandishi wamevitenga. Amekosa juu ya mwezi. Juu ya mengine amekuwa mwaminifu kuliko maktaba.

Kucheka ni rahisi. Jirani zetu wa Zambia wanajua. Mwaka wa 1964 Edward Makuka Nkoloso, aliyesoma kwa wamisionari na kujifunza Kilatini na teolojia, alitangaza kwamba atatuma angani msichana Matha Mwamba pamoja na paka wawili na misionari mmoja. Na huyo misionari alionywa asiwalazimishe watu wa Mars kuwa Wakristo. (Waseminari wasome tena sentensi hiyo polepole.) Magazeti ya Ulaya yalimfanya kuwa kichekesho. Leo mwandishi Namwali Serpell wa Zambia anauliza kama si Nkoloso aliyekuwa akiwacheka wao. Kwa sehemu yetu tunaona swali hilo ni la haki. Tena huko Malindi, Kenya, kazi ya Waitalia haikuchekesha mtu: tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1970 walirusha kutoka baharini chombo cha Wamarekani cha kupima nyota, kikaitwa Uhuru.

Jan Vansina, aliyeanza kazi yake kwa Wakuba wa Kasai katika miaka ya 1950, aliwafundisha wanahistoria kwamba neno la kinywa ni ushuhuda, nalo lipimwe kama vile karatasi inavyopimwa. Lubumbashi kwetu, kikundi cha Mémoires de Lubumbashi, ambamo Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu alifanya kazi kubwa, kimekusanya maneno ya wafanyakazi na ya watu wa mji. Kwa Luvua kazi kama hiyo inafaa kufanywa na watu wanaofika vijijini, yaani mapadri na wakatekista. Wajerumani wamekwisha kusema yao: Kayser alikufa mwaka wa 2017, na mwaka uliofuata ilitoka filamu ya kwao juu ya kampuni yake. Na aliyekuwa na miaka 20 wakati roketi ya kwanza ilipopanda amekwisha kuwa mzee.

Tuanze na vitabu vya ubatizo na vya ndoa vya parokia za pande zile. Havitaji roketi, lakini vinataja kijiji. Tulinganishe miaka ya 1974 na 1975 na ile ya 1979 na 1980: kijiji gani kimetoweka katika kurasa, jamaa gani wameandikwa pahali pengine? Kisha ndipo twende kwa wazee na kuwauliza kwanza mambo madogo. Nani alilima njia ya ndege, na kwa mshahara gani? Mlikaa wapi wakati ule? Nani alikuja kuwaambia muondoke, kama mliondoka? Siku ile Mobutu alipofika, mlikuwa mmesimama upande gani, na mliona nini kikianguka? Juu ya mwezi tusiulize kitu. Tumwache mzee autaje mwenyewe, naye akiutaja, tuandike alivyosema.